Uzio Uliochipua

Shamba si langu. Nalitanguliza hilo kwa sababu watu wakija kwetu Vitongoji, wakawaona kuku wangu wamejimwaga majanini na matikiti yamejilaza juu ya makuti, huanza kunisifia: mashallah, mama, una shamba. Mie nina kuku. Nina jembe, nina mgongo unaouma, nina mume asiyejua kukasirika. Ardhi nimeazimwa.

Aliyeniazima alikuwa bibi mmoja wa Chake, mtu wa zile nyumba za Kiarabu ambazo zamani zilikuwa na mikarafuu mpaka ukachoka kutazama. Mashamba yao mengi waligawiwa watu kabla mie sijazaliwa. Walibakiwa na vipande vipande, na kimoja ni hiki cha kichanga karibu na pwani, ambacho mkarafuu haukitaki na mpunga haukitaki. Marehemu mama yangu alikuwa akimpelekea Bibi kisamvu na dagaa, na Bibi hakuwahi kumrudisha mama na kikapu kitupu. Kwa hiyo nilipokwenda kumwomba nilikuwa na pa kuanzia. Aliniuliza maswali mawili: nitapanda nini, na kama nasali kwa wakati. La pili nililijibu haraka kuliko la kwanza.

"Lima cha kuliwa," akaniambia. "Kiliwe kiishe."

Basi. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Kwetu Pemba maneno yale hayahitaji tafsiri, ila kwa asiye wa kwetu nitaeleza. Mtu akikuazima ardhi, unapanda muhogo, viazi, tungule, matikiti. Ukivuna, ardhi inabaki tupu kama ulivyoikuta. Mti hupandi. Mti ukiupanda ni wako, hata kama ardhi ni ya mwengine, na mwenye mti ana mguu wake pale, haondoshwi kirahisi. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana kwa sheha kwa ajili ya mwembe mmoja, tena mwembe wenyewe maembe yake machungu.

Kabla ya shamba hili nilikuwa nalima mwani. Wageni huwapiga picha wanawake wa mwani wamesimama majini na kanga zao za rangi, wakadhani ni matembezi. Mie niliyesimama najua. Miguu inachomwa na miba ya bahari, macho yanawaka kwa chumvi na jua, na mzigo ukilowa unauvuta kama unamburura ng'ombe. Na wakati mwengine mwani unaoza wote kwenye kamba na hujui umemkosea nani. Nilipopata pa kulima nchi kavu, niliapa kiuno changu hakitarudi tena baharini. Kila nilipoliwaza shamba, nililiwaza hivyo: hapa au baharini.

Nilianza na matikiti peke yake, kwa mbolea ya dukani. Yakaja makubwa, yakapendeza, na ndani hayana maana. Maji matupu. Mume wangu alikata moja, akala, akanyamaza kwa adabu, na mie nikajua. Mwaka uliofuata ndipo nilipowatoa kuku uani. Nilikuwa nao wachache wa kienyeji, wamezoea kupekua majivu na kugombana mlangoni. Mume wangu akanifanyia banda dogo la fito, halina sakafu, lina mikono miwili mbele na miwili nyuma. Kuku wanalala humo, asubuhi tunawafungulia, wanakula majani, panzi na mchwa kutwa nzima, magharibi wanarudi wenyewe. Pakishachakurika na kujaa kinyesi tunalibeba banda, mie mbele yeye nyuma, tunalihamishia pengine.

Siku za mwanzo majirani walitufanyia mzaha. Tulikuwa tukilibeba vile begani, watu wakitoka sala ya alfajiri wanasimama njiani na kutuuliza, "Poleni jamani, maziko saa ngapi?" Mie nikiwajibu, mume wangu akicheka. Nilikuwa nikiwajibu vibaya, sikufichi. Lakini ile ardhi waliyoiacha kuku, baada ya kupumzika na kupata mvua, nilipochimba mashimo na kutia mbegu, sikuamini. Miche ilitoka na rangi ambayo sikuwahi kuiona kwenye kichanga kile.

Na matikiti nayo yana kazi yake, msione yamelala tu. Asubuhi kabla jua halijapanda nachuma ua dume, nalipaka kwenye ua jike, lile lenye kitikiti kidogo nyuma yake. Nyuki nao wanafanya, ila mie siwaamini sana. Majani ya mwarobaini nayatwanga, nayaroweka, nanyunyizia. Tikiti likifika ukubwa wa ngumi, wale nzi wanaotoboa matunda hulitafuta, kwa hiyo kila moja nalifunga kitambaa cha kanga kuukuu. Mume wangu husema matikiti yangu yamevaa kuliko yeye. Ni kweli.

Shida moja ilibaki. Kuku na tikiti ni marafiki wa zamu, hawakai pamoja. Mwaka mmoja, Ramadhani inakaribia na matunda yameshaiva, kuku waliruka wakaingia. Ungedhani kuku ataingia, ale tikiti moja, ashibe, aondoke. Kuku haendi hivyo. Anadonoa hili tundu moja, anaonja, anakwenda kwa la pili, kama bibi harusi anayechagua vitambaa. Nilipofika hapakuwa na tikiti zima hata moja upande ule. Niliwafukuza mpaka kiatu kikanitoka. Niliapa nitawachinja wote, nikamtajia mume wangu mmoja mmoja kwa rangi. Yeye akaokota matikiti yaliyodonolewa, akakata sehemu mbaya, akawagaia majirani walewale wa maziko. Kisha akasema, "Tuweke uzio."

Mikandaa ile inayoota baharini kukata ni marufuku, nguzo za kununua hatuziwezi. Palikuwa na jirani anapunguza matawi ya msufi wake kwa sababu yalikuwa yanaangukia paa. Mume wangu akaenda akayaomba, akayakata kimo cha mtu, akayachomeka kuizunguka sehemu ya matikiti, na katikati akasuka makuti. Ulikuwa mwezi wa masika. Mtu yeyote wa kisiwa hiki anajua ukichomeka fimbo mbichi ya msufi katika masika itafanya nini. Sisi wawili tulijua. Lakini mtu akiwa na haraka ya kuzuia kuku haoni mti, anaona kijiti.

Basi vikachipua. Kwanza vidoti vya kijani, kisha vidole, kisha majani kamili. Na mie, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nikikaa pale adhuhuri nawatazama kuku wamejikunyata kivulini, mwewe anazunguka juu hana pa kushukia, nikasema alhamdulillahi, hata uzio umetuhurumia.

Aliyeuona kwa jicho jengine alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi. Huyu alikuwa anafanya kazi Unguja, kijana wa ofisini, anakuja Pemba kwa nadra, na safari ile alikuja kuvitembelea vipande vyote vya ukoo. Alifika na viatu vyeusi vinavyong'aa. Akanisalimu vizuri, nikamwitikia vizuri. Kisha akaushika uzio.

"Mama, miti hii nani kapanda?"

"Huo ni uzio, baba."

"Uzio una majani?"

Nikamwambia ni vijiti tu vimeshika kwa mvua. Akautikisa mmoja, haukutikisika. Akatoa simu, akapiga picha, akazunguka upande wa pili, akapiga tena. "Shangazi anajua kama umepanda misufi kuzunguka shamba lake lote?" akaniuliza. Nikamwambia si shamba lote, ni kipande. Akasema kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulionichoma, kwamba pengine nikishavuna matikiti haya ingekuwa vyema niwape ardhi yao wapumzike nayo.

Mie hasira zangu haziombi ruhusa. Nikamwambia, "Kweli waliosema nguo ya kuazima haisitiri matako. Chukueni." Nikaingia bandani kwa kuku, nikajifanya natafuta mayai. Nilipotoka alikuwa ameshaondoka. Nilikaa chini palepale kwenye kinyesi cha kuku, nikalia. Nilikuwa nayaona yale maji ya bahari mpaka kiunoni.

Asubuhi yake nikashika panga. Nilikuwa nimeshakata nguzo kadhaa mume wangu aliponifikia. Hakuninyang'anya panga, hana tabia hiyo. Alisimama tu upande ambao ningemkata yeye kwanza.

"Ukizikata utaonekana ulikuwa unaficha," akasema. "Na hizo ulizozitupa chini zitachipua hapohapo zilipo. Nenda kwa Bibi."

"Niende nikamwambie nini?"

"Kilichotokea."

Nikavaa, nikachukua tikiti moja lililoiva na mayai kidogo, nikapanda gari mpaka Chake. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilimkuta Bibi ukumbini anachambua mchele kwenye ungo, miwani imeteremka puani. Kijana alikuwa amekwisha kufika kabla yangu, amekaa pembeni na simu yake. Nikampa Bibi mkono, nikambusu kiganja, nikamwambia shikamoo. Akaitika. Nikaanza kueleza, maneno yote niliyoyatunga yakanipotea, nikabaki nasema msufi, msufi.

"Huyu amenionesha picha," Bibi akasema. "Mie sioni kitu humo ndani. Vijani na kidole chake. Nitakuja mwenyewe."

Hakusema lini. Zile siku za kungoja sitaki kuzikumbuka. Sikung'oa kitu, sikupanda kitu. Nilimwona mume wangu ananyunyizia matikiti, nikamwambia aache, ya nini kuhangaika na cha watu. Akaendelea kunyunyizia.

Bibi alikuja Jumamosi, ndani ya gari, kijana anaendesha. Alishuka na bakora yake, buibui limejaa vumbi kabla hajafika hata kwenye banda. Tulimpindulia ndoo akakaa. Kuku wakamjia miguuni, mmoja akaanza kumdonoa kishungi cha kiatu, naye Bibi akamwacha. Akauliza kwa nini banda liko hapa na si pale penye kivuli. Nikamweleza: pale wamekwisha kuwapo, sasa panapumzika, masika ijayo patapandwa. Akauliza wanakula nini. Nikamweleza. Akauliza matikiti yamevalishwa kanga kwa nini, nikamweleza, na hapo nikaona midomo yake inataka kucheka akaikataza.

Kisha akainuka, akaenda kwenye uzio. Akaushika msufi mmoja kwa mikono miwili.

"Huu umeshika."

"Umeshika, Bibi."

"Nani kauchomeka?"

Mume wangu akasema, "Mimi." Nikasema, "Mie ndiye niliyetaka uzio." Tukasema kwa pamoja, kama watoto waliokamatwa kwenye chuo cha Kurani.

Bibi hakutugeukia. "Mie nishaondokewa na mashamba kwa karatasi," akasema, "na nishaondokewa na mashamba kwa miti. Mtu unamwazima, unamhurumia, anakuja na mche mmoja, mwaka wa pili anao kumi. Ukimwuliza anakutazama kama wewe ndiye mgeni. Mpaka leo sijui kipi kiliniuma zaidi."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Nilimsikia mama yangu akilisema neno lile maisha yangu yote, na siku ile ndiyo kwanza nimeliona limesimama na bakora. Hasira zangu zote zikaniishia. Nikamwambia, "Bibi, sikutaka ardhi yako. Nilitaka kuilima tu. Ukisema niondoke nitaondoka leo, na uzio nitaung'oa kwa mkono wangu, mzizi na yote. Lakini usiondoke hapa ukidhani nimekuibia, maana hilo sitaliweza."

Bibi akauachia msufi. Akarudi kwenye ndoo, akasema ana kiu. Nikakata tikiti. Alikula kipande kimoja taratibu, mbegu akizitema kiganjani, akaomba cha pili. Kijana naye akapewa, akala ameinamia mbele ili asichafue shati.  Kuku wakawa wanagombania maganda.

Bibi alipomaliza, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Msufi utoe," akasema. "Mti wa kujazia mito, utakufaa nini? Weka nguzo kavu." Nikasema ndiyo, Bibi. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru, nikidhani hapo ndipo pameishia. Akanyoosha bakora kuelekea kwenye mpaka. "Halafu pale, na pale kwenye pembe, panda mnazi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa amenitazama mie.

"Shangazi," kijana akasema.

"Sijakusemesha. Wewe kachukue jembe."

"Shangazi, mnazi ni mti wa miaka."

"Najua mnazi ni nini. Mie nikifa, wanangu wako Maskati, hata njia ya kuja hapa hawaijui. Watauza, na wakiuza huyu atatolewa na kuku wake mchana kweupe. Akiwa na minazi yake hapa, anunuaye itambidi azungumze naye kwanza. Na wewe nimekuleta ili uone kwa macho yako, si kwa simu. Kachukue jembe."

Mume wangu alikimbia kwa jirani kuomba nazi zilizochipua. Kijana akavua viatu vyake vyeusi, akakunja suruali, akachimba. Hakuwa mzoefu, jembe lilikuwa linamrukia, lakini alichimba mashimo yote mwenyewe, Bibi amesimama juu yake anamwambia ongeza, ongeza. Kisha Bibi akasema bismillahi, akaitia nazi ya kwanza shimoni kwa mkono wake, akaniambia mie nifukie. Nilifukia huku machozi yanadondokea kwenye mchanga na sikujifuta.  Nilimjazia mayai yote ya siku ile kwenye kikapu, na matikiti mpaka kijana akasema gari imejaa. Mpaka leo nikitoa salamu kwenye sala ya alfajiri, baada ya wazazi wangu, namwombea yeye.

Misufi tuling'oa, na kama mume wangu alivyosema, mingine ilichipua palepale ilipotupwa, tukawa tunaifukuza mwaka mzima. Kuku walijaribu kuichakura minazi, tukaizungushia miba. Tuliendelea kubeba banda, kupaka maua, kuvisha matikiti kanga. Kila nilipokwenda Chake nilikuwa napitia kwa Bibi na kikapu, naye hakuwahi kunirudisha nacho kitupu. Alikuwa akiniuliza kuku hawajambo, minazi haijambo, mume hajambo, kwa mfuatano huo.

Alifariki kipupwe kilichopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilikaa na wanawake wenziwe kwenye hitima, nikapika, nikaosha vyombo, watu wakiniuliza mie nani kwake nikawa sina jina la kuwapa.

Haukupita muda mrefu, gari ikasimama shambani. Akashuka yule kijana wa viatu, siku hizi ana ndevu, ametumwa na wanawe Bibi kuuza, pamoja na bwana mmoja wa makamo anayetafuta ardhi karibu na pwani. Wakanisalimu. Bwana akapima kwa macho toka mwisho mpaka mwisho, akaulizia mipaka, maji, umbali wa barabara. Mie nilikuwa nimesimama na kikapu cha mayai. Sikuwa na karatasi. Bibi alikuwa kaburini na mume wangu alikuwa mjini, na mume wangu ni mume wangu, nani angemsikiliza? Kijana angeweza kusema lolote alilotaka, na lingekuwa hivyo.

Bwana akafika kwenye pembe, akasimama mbele ya mnazi, umeshampita kimo. Akautazama, akautazama na mwenziwe kule upande wa pili.

"Na hii minazi ya nani?"

Kijana hakunitazama. Aliutazama mnazi.

"Ya huyu mama," akasema. "Mashimo nilichimba mimi."